Hema la Harusi ya Nadira

Haya nimeelezwa na Mwanatabu mwenyewe, mwaka jana siku za mfungo mosi, alipokuja kunitazama nilipokuwa naumwa na goti. Aliniletea bamia na ndimu, akaketi mkekani, akaanza kunikatia zile bamia huku akisema, wala hakuinua uso mpaka zilipokwisha. Niliyoyasikia ndiyo haya.

Mwanatabu alikuwa na genge hapa Mishomoroni, pale barabara inapopinda kabla ya kufika msikitini, mbele ya kile kiwanja kilichokuwa na godauni bovu. Magenge yalipangana safu moja, miti minne na mabati kila moja, mengine yamefunikwa kwa makuti. Lake lilikuwa la nazi, ndimu, bamia na bilingani. Kuliani mwake alikaa Selpher, mama wa Kigiriama mrefu, mpole, aliyeuza mchicha na mnavu. Kushotoni alikaa Nafula, aliyekuja na mumewe kutoka bara, naye aliuza viazi na vitunguu, na mdomo wake haukuwa na pazia. Mwisho wa safu, penye kivuli kizuri, ndipo alipokaa Hashim, kaka yake Mwanatabu baba mmoja mama mmoja, na kibanda chake cha kuku na mayai. Hashim ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa wauzaji wote pale.

Nyumbani kwa Mwanatabu walikuwa watu watatu. Yeye, binti yake Jalila aliyekuwa bado shuleni, na mumewe Rashad. Rashad alikuwa kuli wa bandarini mpaka gunia lilipomwangukia kiunoni, na tangu hapo hakuinua kizito tena. Alikuwa mtu wa heshima, wa maneno machache. Kila jioni alikwenda gengeni kumpokea mkewe, akambebea kapu tupu, kwa kuwa lililojaa hakuliweza. Chakula cha nyumba ile, na karo, na mafuta ya kumkanda Rashad mgongo, vyote vilitoka kwenye ile miti minne.

Basi kile kiwanja kikauzwa. Ikasemekana yajengwa supamaketi kubwa, yenye ngazi za kupanda zenyewe. Akina mama hawakuogopa sana mwanzoni. Walisema mtu akitaka mchicha wa jioni hatavaa viatu kwenda kuutafuta kwenye barafu. Lakini ikaja habari ya pili, kwamba pale mbele, palipo na magenge, patakuwa pa kuegeshea magari.

Kampuni ikamtuma msichana mmoja, Ruth, mwenye adabu na viatu visivyofaa matope. Akawaita wote akawaeleza taratibu. Itakuja siku ya kupiga picha. Kila mwenye kibanda kitakachoonekana kimesimama siku hiyo atapewa mahali pake pembeni ya ukuta wa supamaketi, chini ya paa, pana maji na pana taa. Asiyekuwa na kibanda, kampuni haimjui. Nafula akamuuliza siku yenyewe ni ipi. Ruth akasema haijapangwa, ikipangwa ataambiwa mwenyekiti.

Alipoondoka, Hashim akawakusanya. Mwanatabu ayakumbuka maneno yake kama aliyesomewa.

"Hata mti mmoja msiung'oe," alisema. "Mvua inyeshe, jua liwake, mti wako usimame. Huo ndio shahidi wako. Na asitoke mmoja wetu akaenda kusema nao peke yake."

Wakaomba dua. Waislamu wakasoma Fatiha, Selpher na Nafula wakafumba macho kwa namna yao, na amina ikawa moja.

Haukupita muda mrefu, Hashim akaja nyumbani kwa Mwanatabu baada ya magharibi, na kisanduku cha haluwa mkononi. Hakuwa na desturi ya kuja na haluwa. Aliketi na Rashad ukumbini, akauliza hali ya mgongo, akauliza masomo ya Jalila, kisha ndipo akafika alipokuwa akienda.

Binti yake Nadira alikuwa aolewa. Posa ilikwishapokewa na nikaha ni Ijumaa. Lakini usiku wa kupamba hauwezi kufanywa ukumbini, kumbi siku hizi ni za matajiri. Itabidi lipigwe hema nje, na nje ya nyumba ya Hashim ndiko kwenye magenge. Akasema ni siku chache tu. Alhamisi wang'oe, Jumapili hema litoke, Jumatatu asubuhi kila mtu asimamishe lake palepale.

Mwanatabu alimuuliza habari ya picha.

Hashim akacheka. "Mwenyekiti ni nani? Siku ya picha naambiwa mimi."

Nanyi mwajua jinsi mambo yalivyo huku kwetu. Kukiwa na harusi au maiti, uwanja hauombwi mara mbili. Mama yake Mwanatabu alipokufa, watu walimaliza kuosha maiti wakakuta safu nzima imeng'olewa, na hema la matanga limekwisha kusimama, wala hakuna aliyekuwa ametumwa. Nafula, ambaye si wa kwao wala si wa dini yao, alibeba mabati yake kichwani siku ile huku akilia. Sasa Mwanatabu angemwambiaje nduguye kwamba kwa arusi ya Nadira, mtoto aliyemwogesha kwa mikono yake, hapana nafasi?

"Wewe ndiwe utakayewaambia," Hashim alisema akiinuka. "Nikisema mimi watadhani ni amri. Selpher yuakusikia wewe."

Rashad alimsindikiza shemejiye mpaka njiani. Alikawia kurudi, na aliporudi hakuonja ile haluwa.

Kesho yake Mwanatabu akasema nao. Nafula hakuwa mgumu. Alisema yeye atang'oa, lakini biriani apewe sahani ya mtu mzima, si kile kisosa walichompa arusi iliyopita kama anayetibiwa. Wakacheka wote, ila Selpher. Selpher alikuwa akifunga mchicha mafungu kwa ukindu, na hakusimamisha mikono.

"Tuliomba dua hapa," alisema. "Tulisema hata mti mmoja."

Mwanatabu akamwambia aliyeyasema hayo ni Hashim, na ni Hashim huyo huyo aombaye.

"Mimi sikuulizi Hashim, nakuuliza wewe, Mama Jalila. Ning'oe?"

"Ng'oa. Yule ni ndugu yangu, tumbo moja."

Selpher akamtazama kidogo. Halafu akaweka mchicha chini, akaazima nyundo kwa Nafula, akaanza na bati la juu. Alhamisi adhuhuri safu nzima ilikuwa imelala, miti imefungwa mafungu mafungu na kuegemezwa ukuta wa godauni, kila fungu na kitambaa cha mwenyewe.

Arusi ile ilipendeza mno. Hema lilikuwa jeupe lenye mapazia, viti vimevishwa nguo na kufungwa utepe nyuma, na wapishi wametoka mjini. Akina mama walinong'ona juu ya masufuria, kwamba Hashim wa mayai amezipata wapi nguvu hizi. Mwanatabu alisikia, akafurahi kwa ajili ya kaka yake. Alidhani ni wakwe waliogharimia.

Selpher na Nafula walikuja na leso mpya ya zawadi, wamevaa vizuri. Wifi yake Mwanatabu, Zuleikha, mkewe Hashim, akawaketisha nyuma kabisa, karibu na moshi, akasema huko mbele ni kwa watu wa bwana harusi. Viti vya mbele vilikaa vitupu mpaka bibi harusi akatolewa. Nafula akasema kwa sauti kwamba heri huku nyuma, biriani inapita hapa kwanza. Selpher akafuta macho, moshi umemwingia. Mwanatabu aliona aibu, lakini arusi ina mambo mengi, akajiambia atamwomba radhi baadaye.

Na Rashad siku zote hizo hakuwa na raha. Alikaa kando ya wanaume, hali, hasemi. Mwanatabu alipomuuliza ana nini akajibu ni mgongo. Akampelekea mafuta, akamkanda palepale varandani, watu wakamtania kwamba naye yuapambwa.

Jumapili hema likang'olewa mapema, watu hawajamaliza kunywa chai. Vijana wakafagia uwanja wote, mifupa, karatasi, punje za wali, ukabaki kama mkeka. Mwanatabu alikuwa ua wa nyuma na akina mama, wakisugua masufuria. Alipopita ushorobani kuchota maji alimwona yule msichana wa kampuni, Ruth, ameketi kwenye baraza ya Hashim akinywa soda, na kijana mwingine amesimama uwanjani na kamera. Mwanatabu akadhani wamekuja kutoa mkono wa pongezi. Aliona Hashim ameheshimiwa. Akajaza sahani ya visheti, akamtuma Jalila ampelekee mgeni, na akamwambia asisahau kuweka kitambaa juu.

Jumatatu alfajiri Mwanatabu alitoka na kapu lake la nazi, Rashad akamwambia angoje kidogo, leo asiende mapema. Akamuuliza kwa nini. Rashad akasema basi, nenda.

Alipofika penye kona hakupajua. Mabati mapya ya buluu yalikuwa yamezungushwa kutoka ukuta wa godauni mpaka ukingoni mwa barabara, marefu kupita mtu. Yale mafungu ya miti hayakuwapo. Selpher alikuwa amesimama na mchicha wake kichwani. Nafula alikuwa akigombana na mnyapara wa kazi, mtu aitwaye Kahindi, mtu mzima mwenye kofia ya plastiki, ambaye kwa kweli hakuwa na ubaya.

"Mama, mimi naonyeshwa picha, nafuata picha," Kahindi alikuwa akisema. "Naambiwa uwanja ni mtupu, nauzungushia. Ile miti nilidhani ni ya hema, imekwenda na lori la takataka."

Akatoa simu yake akawaonyesha. Uwanja ulikuwa mweupe, safi, umefagiliwa, hauna kibanda hata kimoja. Pembeni kidogo palionekana baraza ya Hashim, na juu yake sahani yenye kitambaa.

Nafula aliigeuza ile simu huku na huku. "Hii picha ni ya lini? Hii ni jana. Jana sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa tunaosha vyombo vya watu." Kisha akamgeukia Mwanatabu. "Mama Jalila, kwani wewe ulijua hii maneno?"

Mwanatabu alisema wallahi hakujua. Alisema mara nyingi, mpaka akajisikia mwenyewe jinsi anavyosema.

Selpher aliirudisha simu kwa mwenyewe. Alimwangalia Mwanatabu bila ya hasira, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Mmefagia vizuri," alisema, akaenda zake.

Mwanatabu hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Hashim, kapu la nazi mkononi, akamkuta ukumbini akinywa chai na mikate ya sinia iliyobaki arusini. Hashim akamwambia aketi. Hakuketi.

Hashim hakukana. Labda angalikana, ingalikuwa afadhali. Alimweleza taratibu, kama mtu anayemfunza mtoto, kwamba ile nafasi ya pembeni ya ukuta haikuwatosha wote, na kampuni haikutaka majina mengi. Walimwita yeye, wakamwambia kama siku ya picha uwanja utaonekana mtupu, hakutakuwa na wa kudai, na yeye atapewa sehemu ya kuku mle ndani, kwenye kioo na barafu. Tena wakasema watamsaidia arusi ya mtoto.

"Lile hema, vile viti, wapishi wa mjini," alisema, "wadhani nimelipa mimi?"

"Ungenambia, Kaka."

"Ningekwambia, ungekataa. Ndiyo sababu sikukwambia." Akasukuma sinia ya mikate upande wake. "Wangetutoa sote, Mwanatabu. Hawa ni watu wakubwa. Sasa angalau mmoja wetu yumo ndani. Na nimekwisha kukutajia, kuna kazi ya kuosha mboga na kuzitia kwenye nailoni. Utavaa aproni, utakaa kivulini. Nikila mimi wewe walala njaa?"

"Na Selpher? Na Nafula?"

Hashim akatazama chai yake. Akasema kila mtu ana ndugu zake.

Mwanatabu akamwambia kwamba yeye hakuombwa, ametumwa. Ametumwa kwa Selpher kama mtoto atumwavyo dukani, akapewa na maneno ya kusema, akayasema. Sauti ilimpanda. Hapo ndipo Zuleikha akatoka chumbani, mikono bado na piko ya arusi, akasema kwa ukali kwamba haifai mtu kupigiwa kelele nyumbani kwake na maharusi hawajamaliza hata fungate.

"Na kama ni kulaumu, wifi, usimlaumu kaka yako peke yake," alisema. "Kwani Shemeji Rashad hakukwambia? Tangu Jumatano aliyajua yote. Hapo hapo uliposimama alipewa shati la bawabu alipime."

Hashim akamwambia mkewe anyamaze. Lakini lilikuwa limekwisha kutoka.

Njiani Mwanatabu alisalimiwa na watu, akaitikia. Mmoja akamsimamisha kununua nazi, akamtikisia sikioni ajue ina maji, akamchagulia nzuri, akapokea pesa. Alifanya yote kama kawaida. Alinambia hata sasa hamjui mnunuzi yule alikuwa nani.

Rashad alikuwa amekaa kitandani, miguu chini, kama anayengoja kuitwa. Mwanatabu akaliweka kapu mlangoni.

"Lilikuenea?" alimuuliza.

Rashad hakuuliza nini. "Mikono mirefu," alisema. "Wamesema watalipunguza."

Jalila alikuwa shuleni, jirani alikuwa akitwanga, na kila kinu kilipopigwa kikombe kilitikisika juu ya meza. Kisha Rashad akasema, na kwa mtu wa maneno machache alisema mengi. Alisema Hashim alimwapisha njiani usiku ule wa haluwa. Alisema alitaka kumwambia Alhamisi, akamkuta yuang'oa bati huku akiimba, akashindwa. Alisema alitaka kumwambia Ijumaa na Jumamosi, na kila siku ilikuwa nzito kuliko ya nyuma yake. Aliambiwa atakuwa bawabu wa mlangoni, kazi ya kusimama tu, hakuna kizito.

"Kila jioni mimi nabeba kapu tupu, Mwanatabu. Miaka yote hii. Mtaa mzima wanitazama napita na kapu tupu, mke yuko mbele. Nilitaka na mimi mwisho wa mwezi niingie na kitu."

"Kapu lilikuwa tupu kwa kuwa nimeuza," Mwanatabu alimwambia. "Mimi nikikuona nalo nilikuwa nafurahi."

Rashad akajifunika uso kwa viganja. Mwanatabu akamtazama, akaona hana hamu ya kumpiga wala ya kumbembeleza. Akaenda jikoni kuinjika chakula cha mchana, maana Jalila angerudi na njaa.

Alasiri ile akamwendea Selpher kwake. Alimkuta uani akifua nguo. Akamweleza yote bila ya kuficha, la Hashim, la sahani ya visheti, na hata la mumewe na lile shati, jambo ambalo angeweza kulimeza na hakuna ambaye angejua.

Selpher alisikiliza mpaka mwisho, akaikamua nguo aliyokuwa nayo.

"Umekuja nikusamehe?"

"Nimekuja ujue."

"Basi nimejua," Selpher alisema, akachukua nguo nyingine.

Ile kazi ya kuosha mboga Mwanatabu hakuitaka. Hashim alimtuma Zuleikha mara moja, halafu akamtuma Nadira mwenyewe, akidhani mtoto hatakataliwa. Nadira alilia, maana hakuwa akijua kitu, akasema angalijua angaliolewa chumbani na mashahidi tu. Mwanatabu alimfuta machozi, akampa ndimu za kupeleka kwa mumewe, na jibu likawa lile lile.

Akanunua beseni kubwa la bati, akawa atembeza nazi na ndimu nyumba kwa nyumba. Shingo ilimuuma mpaka ikazoea. Wateja wengine walimngoja, wengine walimwambia, mama, tumekwisha kuzoea kununua zilizokunwa. Kwani supamaketi ilikwisha kujengwa, ikafunguliwa, watu wakajaa kama siku ya Idi. Juma la kwanza nyanya ziliuzwa rahisi kupita soko lote, na wale wale waliokuwa wakikopa bamia kwa Mwanatabu walitoka na mifuko myeupe, wakimpita njiani wakiangalia upande wa pili. Hashim alikuwa ndani nyuma ya kioo, amevaa kofia nyeupe ya karatasi. Na mlangoni, ndani ya shati la buluu lililopunguzwa mikono, alisimama Rashad.

Nyumbani hawakugombana. Rashad alileta mshahara wa kwanza akauweka mezani, ukakaa hapo mpaka Jalila akaambiwa auchukue akalipe karo. Mwanatabu alimpikia, alimfulia lile shati, hata kulipiga pasi alilipiga. Lakini mgongo Rashad alijikanda mwenyewe, mkono ulikofika.

Kazi ya kusimama tu haikuwa ya kusimama tu. Kabla ya mwezi wa pili, meneja alimwambia kuna wanawake wanakaa na mabeseni ukingoni mbele ya duka, wanaharibu sura, awaondoe. Walikuwa ni Selpher, Nafula na wengine wawili. Walikuja hapo kila alasiri, wakati watu wanatoka kazini, kwa sababu ndipo mahali pao pa siku zote, ila sasa pametiwa lami.

Siku ile Mwanatabu alikuwa akipita na beseni lake, akasikia sauti ya Nafula kabla ya kuwaona.

"Afande Rashad, hiyo shati imekumeza. Sema pole pole, tusikie ni wewe ama ni shati inaongea."

Wapita njia wakacheka. Rashad alikuwa amesimama mbele yao, mikono nyuma, akiwaomba kwa sauti ndogo wasogee kidogo tu, ng'ambo ya barabara, wamhifadhi, yeye ametumwa. Selpher alikwisha kuinuka. Alijitwika mchicha wake, kwani hakuwa mtu wa kungoja kuambiwa mara mbili mahali asipotakiwa.

Mwanatabu akaenda mpaka pale pale alipokuwa amekaa Selpher, akatua beseni, akaketi chini nyuma ya beseni.

Rashad alimwona. Mwanatabu asema uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeamshwa ghafla. Akamkaribia, akainama.

"Mama Jalila, inuka. Wananitazama."

"Nani?"

"Walioniandika."

"Na mimi nakutazama," alisema Mwanatabu.

Nyuma ya kioo, meneja alikuwa amesimama na simu sikioni, na mbali kidogo, chini ya taa nyeupe, ile kofia ya karatasi ilikuwa imegeuka upande wao. Rashad akatazama nyuma, akatazama mbele. Halafu akaliinamia lile beseni, akalishika masikio yote mawili, akajaribu kuliinua.

Lilipanda kidogo, likarudi. Akabaki ameinama vile vile, mkono mmoja kiunoni, hawezi kunyooka wala kuketi, na watu wakimtazama. Kidogo Mwanatabu ainuke amshike. Asema mkono wake ulikwisha kwenda, akaurudisha.

Ndipo alipotoka bawabu mwingine, kijana, akalinyakua beseni kama sahani, akavuka nalo barabara, akalimwaga penye mchanga. Nazi zikabingirika mpaka mtaroni. Rashad alijinyoosha taratibu akishikilia ukuta, akarudi mlangoni, akamfungulia mteja.

Mwanatabu aliziokota nazi zake moja moja. Zilizopasuka aliziacha. Selpher, aliyekuwa amesimama ng'ambo na mzigo kichwani, aliona moja imefika miguuni pake. Akachutama bila ya kumwaga mchicha, akaiokota, akaitia kwenye beseni.

"Nawe ulidhani atakuwacha ukae?" alimuuliza.

Mwanatabu alisema ndiyo, alidhani hivyo.

Selpher akatikisa kichwa kidogo, akashika njia ya Mwembeni. Mwanatabu alipojitwika na kuifuata njia ile ile, Selpher hakungoja, lakini pia hakukata kona.

Usiku Rashad alirudi akitembea upande. Mwanatabu alimpakulia wali na mchuzi wa bilingani, akamwekea maji ya kunawa. Rashad alilitundika lile shati msumarini, akala kidogo, akamshukuru. Jalila aliyekuwa akisoma kwa simu yake alizitazama nyuso zao zote mbili, akachukua mto wake akaenda kulala mapema bila ya kuambiwa.

Taa ikazimwa. Walilala mgongo kwa mgongo, naye Mwanatabu alimsikia akipapasa kiuno, akipumua kwa shida kila anapojigeuza. Ile chupa ya mafuta ilikuwa upande wa Mwanatabu.

"Mwanatabu," alimwita.

Tangu aolewe hajawahi kuitwa na mumewe asiitikie abee, hata akiwa na hasira, hata akiwa na uchungu wa kuzaa. Ilimjia mdomoni yenyewe. Akafunga midomo.

"Mwanatabu, umelala?"

Alilala macho, akiutazama ukuta. Rashad alingoja. Akangoja sana, asema Mwanatabu, mpaka yeye akadhani ataita tena, na hakujua kama angeita mara ya tatu yeye angefanya nini. Lakini hakuita. Pumzi zake zikaanza kurefuka, zikakwama mara moja kwa maumivu, zikaendelea. Mwanatabu alibaki akifikiri kesho alitue wapi lile beseni, penye kisima, au penye mlango wa shule, au arudi pale pale. Hakuwa amekata shauri usingizi ulipomchukua.